Je, Wajua? Neno Lililowaponza Wasomi wa Ziwa

Kutoka Bugando jijini Mwanza hadi kilima cha Makerere, Kampala, ziwa ni moja: Victoria. Na wasomi wa mwambao huu wamewahi kukutana na mtihani mmoja: ukijua jambo ambalo wakubwa hawapendi lisemwe, utalisema? Ukilisema, nani atasimama nawe?

Je, wajua kwamba virusi vya Zika viligunduliwa kando ya ziwa letu?
Aprili 1947, watafiti wa homa ya manjano walikuwa wameweka tumbili ndani ya vizimba katika msitu wa Zika, karibu na Entebbe. Tumbili namba 766 akapata homa. Damu yake ikatoa kirusi kipya, kikapewa jina la msitu. Kufikia 1952, vipimo vya damu vilionyesha kuwa hata binadamu wamewahi kukipata, Uganda na Tanganyika.

Je, wajua kwamba kukitaja kirusi hicho kulimponza mwanasayansi?
Desemba 15, 2016, Dkt. Mwele Malecela, mwanamke wa kwanza kuiongoza Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), alitangaza matokeo ya utafiti uliofanywa pamoja na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Bugando. Kati ya watu 533 waliopimwa, vipimo vya 83 vilionyesha dalili za maambukizi ya Zika. Serikali ilikanusha kuwapo kwa ugonjwa huo nchini, na kesho yake Rais John Magufuli akatengua uteuzi wa Mwele. Wahenga walishasema: mficha maradhi kifo humuumbua. Uteuzi hutenguliwa kwa siku moja, kirusi hakitenguliwi. Mwele alikwenda Shirika la Afya Duniani, akaongoza mapambano dhidi ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele hadi alipofariki Februari 2022.

Je, wajua kwamba takwimu nazo ziliwekewa kufuli?
Mwaka 2018, Bunge la Tanzania lilirekebisha Sheria ya Takwimu, ikawa kosa kutangaza takwimu zinazopinga au kupotosha zile rasmi. Mtafiti aliyepata jibu tofauti na la serikali alijikuta karibu na mlango wa mahakama. Kelele zilipozidi, ndani na nje ya nchi, sheria ililegezwa mwaka 2019.

Je, wajua kwamba taulo za kike zilizua kesi Makerere?
Rais Yoweri Museveni wa Uganda aliahidi taulo za bure kwa wasichana wa shule. Mwaka 2017, mkewe, Janet Museveni, aliyekuwa Waziri wa Elimu, alisema fedha hakuna. Dkt. Stella Nyanzi, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, aliwashambulia kwa maneno makali. Chuo kikamsimamisha kazi, na polisi wakamkamata. Mwaka 2018 baraza la rufaa la watumishi wa chuo liliamuru arudishwe, lakini kabla mwaka haujaisha Makerere ikaachana naye.

Je, wajua kwamba Museveni mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa kuhoji?
Mwishoni mwa miaka ya 1960 aliongoza umoja wa wanafunzi wanamapinduzi, USARF, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Novemba 1970 umoja huo ulipigwa marufuku pamoja na jarida lake, *Cheche*. Wakati huo yeye alikwisha kuhitimu.

Je, wajua kwamba wasomi wetu waliandika haki zao?
Aprili 1990 lilipitishwa Azimio la Dar es Salaam, na Novemba mwaka huohuo Azimio la Kampala. Yote mawili yalifunga uhuru wa msomi na wajibu wake kwa jamii katika fundo moja. Anayeomba asinyamazishwe anaahidi pia kutowanyamazia wananchi.

Je, wajua Mwanza iliufundisha nini ulimwengu?
Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti waliingia katika jamii 12 za mkoa huu kuuliza habari ambazo watu huzinong'ona: magonjwa ya zinaa. Mwaka 1995 wakatangaza kwamba kuyatibu vizuri katika zahanati na vituo vya afya kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa karibu asilimia 40. Swali lilikuwa la aibu. Likaulizwa, jibu likatangazwa, na watu wakapona.