Kuihamisha Boti Iliyotolewa Mashine

Mwenye boti inayolala katika hori la Mtwapa, ambaye mafundi wameifungua mashine yake na kuipeleka mjini kutengenezwa, huenda siku moja akaambiwa ya kuwa nafasi yake gatini inatakiwa na mwingine, au akapata Kilifi mahali penye ujira nafuu zaidi, na hapo ndipo humkabili swali la jinsi chombo kisicho na mashine kitakavyosafiri maili 20 hivi za baharini zilizo baina ya mahori hayo mawili. Aghalabu watu hudhani ya kuwa jawabu ni kamba na boti nyingine yenye nguvu. Hivyo ni lazima, lakini mashine haikuwa ikiipa boti mwendo peke yake. Iliipa pia uzito wa kuituliza majini, umeme wa kuyatoa maji ya ngama, uwezo wa kusimama, na katika boti za namna fulani hata uwezo wa kugeuka, na kila kimoja katika hivi sharti kipatiwe badala yake kabla kamba haijafungwa.

Nitakawia kidogo kwenye matundu, kwa kuwa huko ndiko ninakoogopa zaidi. Mashine ya ndani huizungusha rafadha kwa mhimili wa chuma uliopenya chini ya boti, na ikiisha kuondolewa, mhimili ule haushikwi tena na kitu upande wa ndani. Boti ikifungaswa, maji huizungusha rafadha na kuivuta nyuma, na mhimili usiofungwa huweza kuteleza pole pole hata ukatoka, ukaacha tundu ambalo bahari hupita bila ya kuulizwa. Basi na ukazwe kwa vibano na kamba, usizunguke wala usirudi nyuma. Vali za maji ya kupozea nazo zifungwe, mipira yake izibwe kwa vigingi vya mti, na bomba la moshi litiwe kizibo, maana wimbi la nyuma hupanda na kuingia humo. Na ikiwa boti ni ya ile namna ambayo mashine iko ndani na mguu wa rafadha uko nje, na mguu huo nao umeondolewa, hapo pana tundu pana karibu na usawa wa maji, linalotaka kuzibwa kwa ubao mnene uliokazwa kwa boliti juu ya mpira. Fauka ya hayo, mguu ule ndio uliokuwa usukani, kwa hiyo chombo hakina tena cha kukiongoza.

Kisha uzito. Mashine ya dizeli ya boti ya kiasi hupita kilo 300, na ukiondoka uzito huo shetri huinuka na omo huinama, na boti inayovutwa ilhali omo limeinama hulima maji na kuyumba huku na huku nyuma ya kamba. Dawa yake ni mifuko ya mchanga, au pipa la lita 200 lililojazwa maji hata mdomoni, lifungwe barabara mahali pa mashine. Pipa la nusu halifai, kwa kuwa maji yake hukimbilia upande ule ule boti inakoinamia. Betri nayo haitapata tena wa kuijaza, basi ijazwe pwani, pampu ijaribiwe, ndoo iwepo, na alama ya chaki itiwe pale maji ya ngama yalipofika asubuhi.

Kwa boti isiyozidi urefu wa mita 7, na yenye gari lake la kukokotwa, naona afadhali kilomita 40 hivi za barabara kuliko haya yote. Iliyo kubwa kuliko hiyo na ipite baharini, lakini kwa kuchagua wakati. Kusi huisukuma kutoka nyuma, na chombo kisicho na namna ya kusimama huweza kuteremka na wimbi kikamgonga anayekivuta. Kaskazi hupingana na mkondo unaokwenda kaskazini, ikazaa mawimbi mafupi makali. Wakati mwema ni tangambili, na siku njema ni za maji mafu, ambapo mkondo wa milangoni ni mpole na pwani hiyo maji hujaa kati ya asubuhi na adhuhuri. Kwa mwendo wa maili 5 kwa saa, safari ni ya muda wa saa nne. Nahodha anayeondoka saa mbili kabla ya maji kujaa, akafika saa mbili baada yake, hupita miamba ya milango yote miwili ya mahori pakiwa na kina. Tena anapotoka Mtwapa maji yanaingia, na anapoingia Kilifi maji yanatoka, hata mara zote mbili mkondo humjia usoni. Mkondo wa usoni ndio unaoshika mahali pa breki.

Kamba iwe ya nailoni, inayonyumbuka, ifungwe kwa miguu miwili kwenye sehemu imara za omo, na urefu wake upimwe hata vyombo viwili vipande wimbi pamoja na kushuka pamoja. Mtu asisimame katika mstari wake, kwani ikikatika hurudi kwa nguvu ya kuua, na shoka liwe karibu. Ujira uandikwe kabla ya kutoka, na mwenye bima apewe habari. Usiku ukiwakuta, kanuni za kimataifa za mwaka 1972 zamtaka mvutaji awashe taa mbili nyeupe mlingotini, moja juu ya nyingine, na ya manjano juu ya ile ya shetri.

Ndani ya hori la Kilifi kamba ndefu haina kazi tena. Boti hufungwa ubavuni mwa mvutaji, maboya ya mpira yakiwa baina yao, na shetri la mvutaji likitokeza nyuma ya shetri la mwenziwe ili usukani wake upate maji safi. Kisha viwili hivyo huenda kama chombo kimoja, taratibu, dhidi ya maji yanayotoka, hata gati likawa mkononi. Na kabla nahodha hajalipwa, ubao wa ngama hufunuliwa, na mwenye boti huinama kuitafuta ile alama ya chaki.