Chombo Kimoja, Manahodha Wawili

Jamaa zetu wanapotuuliza kwa nini tunaiacha nyumba yenye paa na umeme tukalale chomboni, aghalabu swali hufuatwa na methali: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hawana nia mbaya. Wanawaona mume na mke waliokwisha kuoza watoto wao wote, ambao badala ya kutulia barazani na wajukuu hushika njia ya bahari kila kusi inapokaribia kwisha, wawili tu, bila baharia wa kuwasaidia. Wanachotaka hasa kujua ni nani kati yetu anayeamuru. Tumeombwa tulijibu jambo hilo katika jarida hili kwa urefu, nasi tunalijibu kwa kauli moja. Itakapobidi kutofautisha, tutasema mume au mke, basi.

Chombo chenyewe ni mashua ya mbao ya futi 22, ya mlingoti mmoja na tanga la pembe tatu linaloning'inia kwenye foromali. Ilikuwa ya uvuvi kabla haijawa yetu. Tumeipa jina la Subira. Nyuma, penye tezi, tumetandika mbao ambazo mchana huketiwa na usiku hulaliwa, na juu yake hutanda turubai tukiwa tumetia nanga. Jiko la makaa hukaa ndani ya kasha lenye mchanga, kama yalivyokaa majiko ya majahazi siku zote. Maji ya kunywa ni madumu matatu ya lita 20. Chakula ni mchele, tende, ndimu, papa mkavu, na samaki yeyote atakayeridhia ndoana yetu. Ipo pia mashine ndogo ya kufunga nyuma, tunayoiwasha pale upepo unapotutupa. Choo ni ndoo na pazia. Wenye kutaka maelezo zaidi watuulize ana kwa ana.

Kina mama wengi huuliza habari ya mavazi. Mke huvaa suruali pana, dera fupi kidogo kuliko la nyumbani, na mtandio uliofungwa ukafungika. Buibui hubaki mkobani mpaka tuone mnara wa msikiti. Upindo uliolowa na kamba zinazokimbia havipatani, na sitara haikupungua kwa kuvaa linalofaa kazi.

Safari zetu hufuata pepo, kama zilivyofuata za wazee. Kusi huvuma tangu mwezi wa Aprili, ikapata nguvu kubwa katikati ya mwaka, ikalegea kufikia Septemba na Oktoba. Huo mlegeo ndio tunaoungoja twende Lamu, maana upepo bado uko nyuma yetu na bahari imepunguza hasira. Kaskazi inapokaza, Disemba na Januari, inatusukuma kurudi. Asiyeungoja upepo wake hana budi kubisha, na kubisha kwa tanga la namna yetu ni kazi nzito: kila unapogeuka sharti foromali ipitishwe upande wa pili wa mlingoti, na watu wawili wa umri wetu hawafanyi hivyo mara kumi kwa siku wakabaki wapenzi.

Lililotushangaza zaidi katika maisha haya ni jinsi kalenda yetu ya Kiislamu ilivyo kitabu cha bahari. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Maji mafu huja kwenye tarehe 7 au 8, na tena 22 au 23. Siku za bamvua, katika pwani yetu, maji hujaa sana karibu na saa kumi, alasiri na alfajiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku ipitayo, saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Kwa hiyo ukifika tarehe 7 mambo yamepinduka: yanajaa saa nne na kupwa saa kumi. Mtu anayejua leo ni tarehe ngapi ya mwezi mwandamo anajua, bila ya chombo chochote, kama mlango wa mwamba una maji ya kutosha. Tofauti ya kupwa na kujaa wakati wa bamvua huweza kupita mita tatu. Bibi zetu waliokwenda kutafuta pweza miambani waliyajua haya yote, na hawakuwa na simu.

Kibla nacho ni neema. Makka iko karibu kaskazini halisi ya Mombasa, hivyo chombo kinachoelekea Lamu kimekwisha kuelekeza omo yake karibu na Kibla. Tunapunguza sala kama wasafiri, na tunasali kwa zamu, maana shikio haliachwi. Bahari ikiwa tulivu tunasimama. Ikichafuka tunaketi, kwa ruhusa wanayoitaja wanazuoni kwa mwenye kuchelea kuanguka. Mwenye kusali hujua kwamba mwenziwe anamlindia swala yake kwa mkono. Tumeishi miaka 31 katika ndoa, na hatukuwahi kulindiana swala namna hiyo nchi kavu.

Wako wanaodhani haya ni anasa ya wageni, wale ambao mashua zao nyeupe hutia nanga katika hori ya Kilifi. Kweli, wageni wametutangulia kuandika habari zake. Lin na Larry Pardey, Mmarekani na Mkanada, waliunda kwa mikono yao chombo cha futi 24, Seraffyn, wakakishusha majini mwaka 1968, wakazunguka nacho duniani kwa zaidi ya miaka kumi bila injini yoyote. Tunawastahi. Lakini kusafiri kwa tanga, kupika chomboni na kujua nyota si mambo tuliyoletewa. Tulikuwa nayo, tukayaacha yawe ya kazi ya samaki na ya kubebea watalii, na tukayaacha yawe ya wanaume peke yao.

Hapa ndipo swali la nahodha linapokuja. Mke ni binti wa Faza, aliyelelewa na baba wa majahazi. Mume ni mtoto wa Mji wa Kale Mombasa, aliyefanya kazi bandarini miaka mingi akiziona meli kutoka juu ya gati. Kwa hiyo aliyejua tanga kwanza ni mke. Kanuni yetu ni fupi: aliyeshika shikio ndiye anayeamuru, na shikio halibadilishi mikono kimyakimya. Mmoja husema, "Shikio lako," na mwingine sharti ajibu, "Langu." Kabla ya kung'oa nanga tunashauriana kwa muda wowote tunaoutaka, hata kwa ukali. Nanga ikishang'oka, ushauri umekwisha. Mkwe mmoja wa kiume alisema kwamba si vyema mke kumwamuru mumewe, hata baharini. Mume alimjibu kuwa upepo haumuulizi mtu jinsia yake. Tulidhani hayo ni mabishano ya barazani tu, mpaka ilipofika tarehe 7 ya Mfunguo Saba, mwaka 1446.

Tulikuwa tumelala Malindi. Tulichagua siku hiyo ya maji mafu makusudi, tufike Ngomeni maji yakiwa yamejaa, kwa kuwa ghuba iliyo nyuma ya rasi ile ni ya kina kifupi. Tukasali alfajiri, tukala mahamri na chai, mume akameza kidonge chake cha kisukari kama kawaida, na kwenye saa kumi na mbili tukatweka. Tulipopita mbele ya Mto Sabaki, mawimbi ya kusi yalikutana na maji ya mtoni yakawa yanasimama wima na kuanguka. Mume alitapika. Alitapika tena. Kidonge kilikuwa tumboni kikifanya kazi yake, na chakula kilichokusudiwa kukutana nacho kilikuwa kimekwenda baharini.

Tulipokuwa usawa wa Mambrui, mke aliona jasho katika uso wa mumewe ilhali upepo ulikuwa wa baridi. Alimwambia alegeze demani. Mume akaitazama kamba kama kitu asichokijua. Alipoulizwa jina la mjukuu wake wa kwanza, alijibu kwa jina la ndugu yake aliyekufa. Mikono ilikuwa ikitetemeka. Mke akasema, "Shikio langu." Hakungoja jibu, akalishika.

Wenye wagonjwa wa kisukari nyumbani wanazijua dalili hizo: jasho, mtetemeko, kuchanganyikiwa, ukali usio na sababu. Ni sukari iliyoshuka, na kuishusha zaidi kwa kungoja ni hatari kuliko ile inayopanda. Dawa yake ya mwanzo iko jikoni: vijiko vitatu au vinne vya sukari katika maji, au asali, au juisi tamu, ikiwa tu mgonjwa anaweza kumeza. Aliyezimia hatiwi kitu kinywani. Unangoja robo saa, hajarejea, unarudia, akirejea, anapewa chakula cha kumshikilia. Mke alimkalisha mumewe chini kabisa, mgongo ukiegemea ubavu wa mashua, akamfunga kamba kiunoni asije akasimama, akamkorogea sukari katika kikombe kwa mkono mmoja. Robo ilimwagika. Akakoroga kingine.

Ilibaki kuamua pa kwenda. Kurudi Malindi ilikuwa kubisha dhidi ya upepo, na foromali ile haipitishwi na mtu mmoja. Mambrui ilikuwa karibu kabisa, minazi yake yaonekana, lakini ufuo wake uko wazi na mawimbi yalikuwa yakivunjika juu yake, mashua ingepinduka. Kushusha tanga ili amhudumie kwa utulivu nako kulikuwa na hatari yake, maana tanga lile hushuka kwa mtu mmoja lakini halipandi kwa mtu mmoja. Iliyobaki ni kwenda mbele. Mbele kulikuwa na Ngomeni, mwendo wa saa mbili na zaidi, upepo ukiwa nyuma, na maji, kwa hesabu ya tarehe 7, yangekuwa yamejaa saa nne. Mke anasema kwamba wakati ule hakuomba nguvu, aliomba upepo usibadilike.

Haukubadilika. Kikombe cha pili kilipokwisha, mume alianza kuuliza kwa nini amefungwa. Kwa maneno yake mwenyewe, ni kama mtu aliyeamshwa katika nyumba ya wengine. Alipewa tende, moja baada ya moja, na hakuruhusiwa kugusa kamba. Aliomba shikio lake mara mbili. Mara mbili alijibiwa kuwa si lake, na la ajabu ni kwamba alitii. Tulipoyaona majukwaa ya San Marco, yale ya chuma yaliyosimama baharini ambako Waitalia walirusha setilaiti kuanzia mwaka 1967, mume alikuwa na akili ya kutosha kusema kwamba hao nao walitaka kwenda juu na sisi twataka kwenda ufuoni tu. Mke hakucheka. Alikuwa anatafuta rangi ya maji.

Alizunguka rasi, akawasha mashine, akaliachia tanga lishuke lenyewe. Liliangukia nusu majini. Akatupa nanga. Wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu walikuja na kihori bila ya kuitwa, na nyumbani kwa mmoja wao mume alipewa uji, kisha akapelekwa kwa bodaboda kituo cha afya, akapimwa, akaangaliwa hadi magharibi, kwa kuwa aina ile ya vidonge huweza kuishusha sukari tena baada ya saa kadhaa. Tulilala Ngomeni siku tatu.

Daktari wake alibadilisha mpango wa dawa kwa siku za safari. Sasa kipimo cha sukari kiko katika kopo lisiloingia maji, asali iko mahali mkono wa mwenye shikio unapofika, na ikiwa bahari imechafuka kidonge kinangoja chakula kikae kwanza. Tuliyapanga hayo pamoja na daktari; kila mgonjwa azungumze na wake. Tulipiga pia simu kwa watoto. Mkubwa alitaka mashua iuzwe wiki ileile. Binti aliuliza swali moja tu: mama angefanyaje kama asingejua? Ndugu yake hakuwa na la kusema, akakata simu akidai salio limekwisha.

Sehemu iliyobaki ya safari haina mengi. Ghuba ya Ungwana tuliivuka kwa siku moja ndefu, Kipini tukailala mdomoni mwa mto tukiumwa na mbu, na kilindi cha Shela tukakiingia na maji yanayojaa. Huko Faza, mama mzazi wa mke alisikiliza kisa chote kimya, akitambaza mkeka. Alipokwisha akamgeukia mkwewe, akamwambia, "Baba yake alimfunza ili siku moja asimzike mtu kwa ujinga." Kisha akauliza kama tumekuja na papa.

Hivi tunapoandika, Subira imepandishwa ufuoni. Fundi anatia kalafati mpya katika mshono mmoja wa upande wa kushoto uliokuwa ukivuja, na mbao zimenywa sifa hata jirani wanalalamikia harufu. Mpwa wetu na mkewe, waliooana mwaka jana, wameomba kutufuata hadi Malindi. Tumewakubalia kwa sharti kwamba wote wawili washike shikio kabla hatujafika Watamu. Bwana harusi amekubali upesi mno. Bibi harusi ameuliza kwanza kama lile shikio ni zito.