Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone. Na Mtoto Je?

Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Sisi watu wa mwambao tumelelewa na msemo huu, na hata leo hatumfungii mlango ajaye kwa heri. Walakin ukarimu usituzibe kinywa, kwani liko jambo la kusema juu ya wageni wanaokuja kutujengea makao ya watoto.

Kila mwaka, hasa Julai na Agosti shule za Ulaya zifungapo, vijana wa Uingereza, Ujerumani na kwengineko huja pwani yetu, tangu Diani hata Malindi. Hujilipia nauli, malazi na ada za kampuni ziwaletazo, kisha wakashika mwiko na karai kwa wiki mbili tatu, wakajenga bweni au darasa. Nia yao ni njema, na mwenye nia njema hatukanwi.

Nilizuru makao mamoja katika Kaunti ya Kilifi. Vijana walikuwa juani, jasho likiwatiririka, wakipanga matofali kwa moyo safi. Kando yao alisimama fundi wa kijijini, timazi mkononi, kazi yake kuunyosha ukuta unapopinda. Nikamwuliza hali.

"Ustadhi," akanijibu, "ukuta huu mimi na vibarua wawili twaumaliza kwa siku nne. Mwezi huu kazi niliyopata ni hii, ya kuwatazamia wenzangu."

Hilo la fundi ni dogo. Kubwa ni la mtoto wa miaka tisa hivi aliyekuwa akiwatekea maji. Nilipomwuliza kwao, alinitajia kijiji kisicho mbali, nami nikaenda. Nilimkuta mamake akikaanga mahamri ya kuuza. Babake, mvuvi, alikuwa baharini.

"Mwanangu si yatima, baba," akaniambia. "Sisi ni maskini tu. Kule anakula, na sare anapewa." Kisha akaniuliza kama nimemwona amenenepa.

Ndugu msomaji, yatima tunamjua: ni mtoto aliyefiwa na babake kabla ya kubaleghe. Huyu ana baba na mama. Alichokosa ni sare na chakula cha mchana, na kwa hayo ametengwa na wazazi wake.

Wala si kwetu pekee. Huko Kambodia, baina ya 2005 na 2010, makao ya watoto yaliongezeka kwa asilimia 75, na ilipochunguzwa ikaonekana kiasi cha watoto watatu katika kila wanne walikuwa na mzazi aliye hai. Sababu yake si fumbo. Fedha za wageni hufuata makao, na makao hayawi makao bila watoto. Basi watoto hutafutwa. Mtoto naye humzoea mgeni, akampenda, na baada ya wiki mbili mgeni akapanda ndege. Mwezi ujao huja mwengine.

Serikali yetu ililiona jambo hili. Mnamo Novemba 2017 ilisimamisha kusajili makao mapya, na mwaka 2022 ikatoa mpango wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto katika jamaa zao. Sheria ya Watoto ya mwaka huo huo imeitaja hata kafala, yaani Mwislamu kumchukua mtoto asiye na mlezi akamtunza.

Kafala si jambo geni kwetu. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alizaliwa babake Abdallah amekwisha kufa. Mamake Amina alifariki naye ana miaka sita. Akalelewa na babu yake Abdul Muttalib, na alipofikia miaka minane akachukuliwa na ami yake Abu Talib. Alitoka mkono wa jamaa akaingia mkono wa jamaa.

Kwa hivyo mgeni tumpokee, lakini tumwambie kweli: nauli yake ingemlipa fundi wetu, na salio likamrudisha mtoto kwao. Nasi wenyeji tujiulize: mtoto yule alipokosa sare, ami zake tulikuwa wapi? Ramadhani ikifika, kabla hatujapeleka zaka mbali, tupige hodi kwanza nyumba ya mkaanga mahamri.