Ukicheza kama Warumi: mbinu tatu na masharti manne ya kujiwekea

Katika gemu la Civilization VI, Roma ni dola rahisi kwa anayeanza. Mmoja wa viongozi wake ni Trajan, kaizari aliyetawala kuanzia mwaka 98 hadi 117, wakati dola hiyo ilipofikia upana wake mkubwa kuliko wakati wowote. Urahisi huo una ubaya wake: ukishazoea, unashinda bila kufikiri. Ndiyo maana sisi tunajiwekea masharti.

Mchezo wetu uko nchi mbili. Mimi ni muuguzi hapa Uingereza, mwanangu ana miaka 12, na mdogo wangu wa kiume yuko Tanga. Tunatumia namna ya kucheza iitwayo Play by Cloud: mtu anacheza zamu yake akipata nafasi, kisha mchezo unamsubiri mwenzake, hata kama ni kesho. Mtoto ndiye Roma, mjomba wake ni Kongo, nami ni mshauri wa Roma nisipokuwa kwenye zamu ya usiku wodini. Zamani simu zao zilikuwa "shikamoo", "marahaba", kisha simu inarudishwa kwangu. Nilikuwa naona Kiswahili kinamtoka mtoto taratibu, na mjomba naye anamtoka pamoja nacho. Sasa wana mipaka ya kugombania.

Kwanza mbinu, kwa wanaoanza.

Panua mapema. Kila mji mpya wa Roma chini ya Trajan unaanza na mnara wa kumbukumbu bila kuujenga, nao unakupa utamaduni unaoharakisha kupata sera mpya. Mji huo pia una kituo cha biashara tangu siku ya kwanza, na ukiwa ndani ya masafa ya biashara ya mji mkuu, barabara inajijenga yenyewe. Kwa hiyo usijenge miji mbalimbali kama visiwa. Ipange kama shanga kwenye uzi, karibu karibu, na misafara yako ikipita kwenye vituo hivyo itakuletea dhahabu zaidi.

Tafuta chuma kabla ya jirani yako. Chuma huonekana kwenye ramani ukishajifunza kufua shaba. Ukifikia ujuzi wa kufua chuma, unapata lejioni, askari mwenye nguvu 40, anayemzidi mpiga upanga wa kawaida. Lejioni pia inaweza kujenga kipande cha barabara au ngome, lakini mara moja tu. Usiitumie fursa hiyo ovyo. Iweke kwa ajili ya mpaka unaokutia wasiwasi.

Jenga hamamu. Roma inajenga hamamu mahali pa mfereji wa maji wa kawaida, tena kwa gharama ndogo. Ni lazima iguse mji, na pia iguse mto, ziwa, chemchemi ya jangwani au mlima. Inaongeza makazi na starehe, kwa hiyo watu wanaendelea kuongezeka bila kunung'unika. Watunga gemu hawakubuni hapa. Mwaka 312 kabla ya Kristo, Appius Claudius alianzisha barabara ya Via Appia na mfereji wa Aqua Appia kwa pamoja. Warumi walijua kwamba jeshi linataka njia na mji unataka maji.

Sasa masharti. Gemu halitakulazimisha, unajilazimisha mwenyewe.

Sharti la Hadrian. Mpaka zamu ya 100, panua utakavyo. Baada ya hapo hakuna kuanzisha mji wala kuteka mji. Hadrian, aliyemrithi Trajan, aliachia sehemu ya nchi zilizotekwa mashariki, na mwaka 122 ukaanza ujenzi wa ukuta wake huku kaskazini mwa Uingereza. Sharti hili linamfundisha mtoto swali gumu kuliko la kuteka: nilicho nacho nitakitunzaje?

Kwanza mfanyabiashara, kisha askari. Huruhusiwi kushambulia mji ambao msafara wako haujawahi kufika. Misafara ndiyo inayotandika barabara, kwa hiyo jeshi litapita palipopita biashara. Lakini utagundua jambo: ukishaanza kufanya biashara na mtu, vita vinakuwa ghali. Mara mbili mwanangu ameandaa jeshi, akahesabu dhahabu atakayoipoteza, akalirudisha nyumbani.

Sharti la muuguzi. Hili nimelitunga mimi. Kikosi kinaanza na afya 100. Kikishuka chini ya 50, ni lazima kirudi kutibiwa. Kikosi kimoja kikifa, vita vimekwisha: unarudi nyuma, na zamu 10 zikishapita tangu vita vianze, unaomba amani. Kikosi kinachopumzika ndani ya mji hupona kwa 20 kila zamu, katika ardhi yako kwa 15, pasipo na mwenyewe kwa 10, na katika ardhi ya adui kwa 5 tu. Ukijua hesabu hiyo, utaelewa kwa nini vita vya mbali huua hata mwenye nguvu. Warumi wenyewe walikuwa na hospitali za kijeshi. Katika ngome ya Housesteads, kwenye ukuta wa Hadrian, kuna jengo linalotambuliwa kuwa lilikuwa hospitali.

Sharti la ulimi. Kila tangazo la vita, kila ombi na kila mkataba uandikwe kwa Kiswahili na kutumwa kwa mjomba kabla ya kubonyeza kitufe. Hapa gemu lenyewe limetusaidia. Askari maalumu wa Kongo anaitwa Ngao Mbeba. Mjomba alicheka sana: maneno ni ya kwetu, mpangilio si wetu. Akamwuliza mtoto yeye angesemaje. Ilichukua siku mbili za kutumiana ujumbe wa sauti mpaka "mbeba ngao" ikapatikana, na ninavyojua mimi, hakuna mwalimu ambaye angempa mtoto huyo siku mbili za kufikiria maneno mawili.

Mambo machache ya wazazi. Huku Ulaya gemu hili limewekewa umri wa miaka 12 na kuendelea. Wachezaji wote wawe na gemu lao, na nyongeza zilingane. Bei yake hupunguzwa mara kwa mara, basi subirini punguzo mnunue pamoja. Kisha hesabuni zamu, msihesabu saa. Civilization inasifika kwa ugonjwa wa "zamu moja tu", na saa hazisikii. Kwetu ni zamu 10 siku ya shule, basi.

Wiki iliyopita Roma ilipoteza lejioni msituni, mahali ambapo askari wa Kongo hupita kama wako uani kwao. Sharti la muuguzi likafanya kazi yake. Zamu 10 zilipotimia, mtoto akaandika: "Shikamoo mjomba. Naomba amani. Lejioni yangu moja amekufa."

Jibu lilifika kutoka Tanga kabla sijamaliza kuvaa sare ya kazi: "Marahaba mjomba. Amani ipo. Lakini lejioni amekufa, au lejioni imekufa? Nijibu kwanza ndipo nitie saini."

Amani ilitiwa saini zamu ya 118.