Habu ya pikapu kuukuu yampa seremala mashine ya kukereza

MAFUNDI seremala wengi hujitengenezea wenyewe mashine ya kukereza miguu ya meza, nguzo za vitanda na michi. Mota ya pampu, shafti iliyopitishwa kwenye kipande cha mti kilichotobolewa na kupakwa grisi, basi kazi inaanza. Shida ni mtetemo. Mguu mmoja kati ya minne ukitoka na mawimbi, meza nzima inasubiri na mteja anasubiri pia.

Dawa ya kwanza ni beringi, na si lazima ziwe mpya. Kwa wauza vyuma chakavu zipo habu za magurudumu ya mbele za pikapu za zamani, zenye beringi mbili za koni zinazopeana mgongo. Hizo hubeba uzito na pia huhimili msukumo wa pembeni, ule unaotokea mti unapobanwa kati ya ncha mbili. Ekseli fupi ya habu inachomelewa kwenye fremu, puli inafungwa nyuma mahali pa diski ya breki, na bamba la kushikia mti linakaa kwenye bolti za gurudumu. Tundu la puli litanuliwe na mkereza vyuma. Ukilitanua kwa tindo mtetemo utarudi.

Je, beringi ya gari itaweza kasi? Gurudumu lenye mzingo wa mita mbili, gari likienda kilometa 100 kwa saa, huzunguka karibu mara 830 kwa dakika. Kwa mti wa inchi nane hadi 10, kasi hiyo inatosha kabisa.

Kasi ndiyo inayoumiza watu. Mota nyingi za kawaida huzunguka kama mara 1,440 kwa dakika (soma kibati chake). Ukifunga ubao wa sentimeta 30 moja kwa moja kwenye mota hiyo, ukingo wake unakimbia kilometa 80 kwa saa mbele ya kifua chako. Puli ya inchi nne kwenye mota na ya inchi nane kwenye habu zinashusha mizunguko hadi 720.

Sasa hesabu ya mfukoni. Tuseme maboresho yamekula Sh300,000, na kila mguu unakuachia Sh1,500 baada ya kutoa mbao, umeme na kibarua. Unahitaji miguu 200. Anayeuza meza mbili kwa wiki anarudisha fedha zake kwa wiki 25. Anayeuza meza mbili kwa mwezi atangoja zaidi ya miaka miwili; huyo namshauri aendelee kukerezewa kwa jirani, labda kama anaweza kukusanya kazi za maseremala wenzake wa mtaani. Wengi huruka hesabu hii kwa sababu chuma chakavu kinaonekana rahisi, wakasahau kuchomelea, mkanda na siku za kazi zilizopotea.

Unaponunua, zungusha habu kwa mkono usikilize. Ikikwaruza, beringi zimekwisha. Dai risiti, maana vyuma vya wizi vimewapeleka wengi polisi. Mkanda uwekewe kifuniko, mota iwe na waya wa ethi, na swichi ikae mahali mkono unafika bila kuvuka mti unaozunguka.