Mafunzo kwa wahudumu yaweza kuokoa wagonjwa wa saratani ya kongosho

KONGOSHO ni kiungo kidogo kilichojificha nyuma ya tumbo. Hutoa majimaji ya kusaga chakula pamoja na insulini, homoni inayodhibiti sukari mwilini. Saratani inapokishambulia kiungo hiki, dalili huchelewa, na zinapojitokeza hufanana na za maradhi ya kawaida.

Mwaka wa 2022, watu zaidi ya 500,000 duniani walipatikana na saratani hii, huku zaidi ya 460,000 wakifariki kutokana nayo. Upasuaji huweza kuiondoa, lakini wengi hufika hospitalini ikiwa tayari imesambaa.

Hii ndiyo sababu ya kugharimia mafunzo ya wahudumu wa afya. Nchini Kenya, wagonjwa wengi huanzia kwenye zahanati, wala si kwa daktari bingwa. Huko, maumivu ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni huweza kudhaniwa kuwa vidonda vya tumbo, naye mgonjwa akarudishwa nyumbani na dawa. Mhudumu aliyefunzwa angetilia shaka macho ya manjano, kukonda bila sababu, au kisukari kinachozuka ghafla baada ya umri wa miaka 50.

Aidha, wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 walianza kupewa vifaa mnamo 2023, zikiwemo mashine za kupima sukari. Kinachohitajika ni maarifa ya kufasiri matokeo hayo. Kwa kuwa Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti usimamizi wa zahanati, bajeti zao hazina budi kutenga fedha za mafunzo. Daktari bingwa hawezi kumtibu mgonjwa ambaye hakuna aliyemtuma kwake mapema.