Flashi au kisanduku cha Android?

Runinga bapa yenye tundu la USB kwa kawaida haihitaji kifaa kingine ili kuonyesha muvi zilizoingizwa kwenye flashi dukani. Kwa nyumba nyingi za Kasulu na Kibondo, flashi inatosha kabisa, tena haili bando. Ikiwa imefomatiwa kwa FAT32, haipokei faili la GB 4 au zaidi. ExFAT hupokea, ila runinga nyingine haziisomi.

Kisanduku cha Android huunganishwa kwa HDMI na hufungua aina nyingi zaidi za mafaili. Kupitia Wi-Fi, huchukua video kutoka kwenye simu au kompyuta ya nyumbani bila kugusa intaneti. Visanduku vingi hutumia volti 5 tu, faida kubwa penye sola. Kwa runinga ya chogo, chagua kisanduku chenye tundu la AV.